Barua ya Nukta Nundu

Ndugu wasomaji, maneno haya tuliyasema siku ya wazazi, katika uwanja wa shule ya msingi ya kijiji chetu. Sisi ni wanakisomo tuliohitimu, pamoja na walimu wetu. Waliotusikia walituomba tuyatoe gazetini ili na wale waliokuwa shambani siku ile wayapate. Basi tumeyaandika kama tulivyoyasema.

Ndugu wazazi, ndugu wanakisomo wenzetu, na ninyi watoto mlioketi hapo mbele, hamjambo!

Leo tumekuja kuzungumza habari za kusoma. Tunajua wengine mtasema, "Lo, habari za kusoma tumekwisha zisikia!" Ngojeni kwanza. Hatusemi habari za kusoma kwa macho. Tunasema habari za kusoma kwa vidole. Tunataka kila mtoto wa kijiji hiki ajue jinsi watu wasioona wanavyosoma, wanavyoandika na wanavyopashana habari. Kwa nini tunataka hivyo? Sikilizeni kwanza kosa letu wenyewe.

KOSA LETU

Katika kijiji hiki yuko msichana mmoja asiyeona. Hatutamtaja jina. Alipokuwa mdogo aliugua surua, na macho yake yakaharibika. Alipofikia umri wa kwenda shule, mama yake alitaka kumwandikisha. Sisi majirani tukamwambia, "Mama Fulani, utamsumbua mtoto bure. Atasoma nini, naye haoni ubao?"

Mama akatusikiliza. Mtoto akakaa nyumbani miaka mitatu. Wenzake wakipita na madaftari, yeye yuko barazani anachambua maharage. Watoto wengine walimcheka. Wengine walimkimbia, maana waliambiwa ati ukimgusa mtu asiyeona nawe utapofuka. Nani aliwaambia? Ni sisi wakubwa.

Na jambo la aibu zaidi ni hili. Miaka ile ile sisi wenyewe tulikuwa tunakwenda kwenye kisomo jioni. Walikuwapo wazee wenye mvi na akina bibi wenye wajukuu. Tulishika kalamu mikono ikitetemeka. Tulisema kwa sauti kubwa kwamba hakuna aliyechelewa kusoma. Kumbe mtoto mmoja tumemwacha nje ya mlango.

Siku moja akapita mwalimu wa elimu maalumu kutoka wilayani. Alimwona mtoto yule, akawaita wazazi wake, akawaeleza. Baada ya miezi michache mtoto akapelekwa shule ya bweni yenye wanafunzi wasioona.

BARUA ILIYOTUSHINDA

Muhula haujaisha, ikaja barua. Karatasi yake ilikuwa nene, karibu sawa na jalada la daftari. Mama yake akaifungua. Haina wino hata tone. Akaigeuza upande wa pili. Hakuna kitu. Alipoipitishia kiganja ndipo akahisi vipele vingi, vimepangwa kwa mistari.

Mama huyu ni mwanakisomo mwenzetu. Gazeti hili analisoma. Hesabu za kikundi chetu anaziandika yeye. Lakini barua ya mtoto aliyemzaa mwenyewe ilimshinda. Akatuambia, "Mimi nilikwisha toka ngumbaru. Leo mwanangu amenirudisha."

Ilimbidi angoje majuma mawili mpaka mwalimu yule apite tena. Mwalimu akaisoma kwa macho, kwa sauti, pale barazani, nasi tumejazana. Mtoto alisalimu watu wote. Akauliza kama mbuzi wake amezaa. Kisha yakaja maneno mengine, ya binti na mama yake, yasiyotuhusu sisi hata kidogo. Mwalimu alinyamaza, lakini tulikuwa tumekwisha sikia. Mama aliinamisha kichwa.

Ndugu wanakisomo, mnakumbuka? Zamani barua ikija tulimtafuta mtoto wa shule atusomee. Siri ya nyumba ikatoka nje. Tukitakiwa kutia sahihi, tulipakwa wino kwenye kidole gumba. Uchungu ule tunaujua. Kusoma si kujua herufi tu. Kusoma ni kujitegemea, na ni kulinda siri yako. Mtu asiyeona naye anataka hayo hayo.

Basi siku ile tuliamua kujifunza maandishi hayo, sisi na watoto pamoja. Na tuseme kweli, watoto wametupita mbali!

MAANDISHI HAYA YALITOKA WAPI?

Maandishi haya tunayaita nukta nundu. Nukta mnaijua, ni ile alama ndogo tunayoiweka mwisho wa sentensi. Na nundu mnaijua pia, ni ile iliyo mgongoni mwa ng'ombe. Nukta nundu basi ni nukta iliyoinuka, ambayo kidole kinaweza kuihisi. Wengine, hasa wenzetu wa Kenya, husema breli.

Neno breli limetoka kwenye jina la mtu. Mtu huyo ni Louis Braille. Alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, akishona hatamu na matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na miaka 3 alikuwa akichezea chombo cha baba yake, chuma chenye ncha kali kama msharasi wa fundi viatu. Kikamchoma jicho. Jicho likaingia ugonjwa, na ugonjwa ukahamia jicho la pili. Alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa Paris kwenye shule ya watoto wasioona. Shule ilikuwa na vitabu vichache tu. Vitabu hivyo vilikuwa na herufi za kawaida, ila zimeinuliwa juu ya karatasi. Herufi zilikuwa kubwa, na kidole kilichukua muda mrefu kuzitambua. Tena wanafunzi hawakuweza kuziandika wenyewe kwa urahisi. Kusoma kidogo waliweza, lakini kumwandikia mama barua, hapana.

Kisha Charles Barbier, mtu aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, alileta shuleni mtindo wake wa maandishi ya nukta. Alama moja iliweza kuwa na nukta hadi 12. Kidole kimoja hakikuweza kuzifunika zote mara moja. Louis akazichukua nukta zile, akazipunguza, akajaribu, akajaribu tena. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu, alikuwa amepata mpango wa nukta 6. Mwaka 1829 aliuchapisha katika kitabu.

Je, wakubwa walifurahi? Si wote. Walimu wengine wenye macho waliyapinga maandishi hayo kwa sababu hayakufanana na herufi zao. Mnaona? Hata huko walisema kama tulivyosema sisi. Louis alifundisha katika shule ile ile, akafariki tarehe 6 Januari, 1852. Maandishi yake yalikubaliwa rasmi katika nchi yake mwaka 1854, naye yuko kaburini. Leo yanatumika pande zote za dunia. Tangu mwaka 2019, tarehe 4 Januari huadhimishwa na Umoja wa Mataifa kuwa Siku ya Breli Duniani.

Hapa Afrika Mashariki nako maandishi haya si mageni. Shule ya wasioona ya Thika, Kenya, ilianzishwa mwaka 1946. Ile ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950. Na Dar es Salaam iko shule ya Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wanaoona. Kwa hiyo tuliposema, "Atasoma nini?", jibu lilikuwapo nchini kabla wengi wetu hatujazaliwa.

HERUFI ZINAVYOPANGWA

Sasa watoto, chukueni vijiti. Andikeni chini, kwenye mchanga, namba hizi:

1   4
2   5
3   6

Hicho ndicho kisanduku cha herufi moja. Kina nafasi 6. Upande wa kushoto ziko nafasi 1, 2 na 3, kutoka juu kwenda chini. Upande wa kulia ziko 4, 5 na 6. Kila herufi ina nukta zake ndani ya kisanduku hicho. Nafasi nyingine huachwa tupu. Kwa kubadilisha nukta hizo 6 unaweza kupata alama 63 mbalimbali. Zinatosha herufi zote, na alama za kituo na za kuuliza pia.

Herufi kumi za kwanza ni hizi:

A: 1
B: 1, 2
C: 1, 4
D: 1, 4, 5
E: 1, 5
F: 1, 2, 4
G: 1, 2, 4, 5
H: 1, 2, 5
I: 2, 4
J: 2, 4, 5

Angalieni vizuri. Herufi hizi zote zinatumia nukta za juu na za kati tu. Nukta 3 na 6 hazijatumika. Sasa ukichukua herufi hizi kumi, kwa mpangilio huo huo, ukaongeza nukta 3, utapata kumi nyingine, kuanzia K hadi T. A ni 1, basi K ni 1, 3. B ni 1, 2, basi L ni 1, 2, 3. C ni 1, 4, basi M ni 1, 3, 4. Endeleeni hivyo mpaka T.

Ukiongeza nukta 3 na 6 pamoja, A inakuwa U: 1, 3, 6. B inakuwa V: 1, 2, 3, 6. D inakuwa Y: 1, 3, 4, 5, 6. E inakuwa Z: 1, 3, 5, 6. Herufi W iko peke yake: 2, 4, 5, 6. Haikuwamo katika mpango wa kwanza, kwa sababu Wafaransa wa siku zile hawakuitumia katika maneno yao.

Na hesabu je? Huandikwa kwanza alama ya namba, yaani nukta 3, 4, 5, 6. Kisha herufi A ikifuata inasomwa 1, B inasomwa 2, C inasomwa 3, mpaka I ambayo ni 9. J inasomwa sifuri. Kwa hiyo asiyeona anaweza kuandika bei ya pamba na deni la dukani bila kumuuliza mtu.

Mnakumbuka maneno tuliyoanza nayo katika kisomo? Tujaribu neno "baba". B: 1, 2. A: 1. B: 1, 2. A: 1. Basi, mmekwisha andika! Na "mama" je? M: 1, 3, 4. A: 1. M: 1, 3, 4. A: 1. Herufi ni zile zile na lugha ni ile ile ya Kiswahili. Kilichobadilika ni njia tu.

WANAVYOANDIKA NA KUSOMA

Njia ya kwanza ni kibao na kalamu ya ncha. Kibao kina sehemu mbili zinazofunikana, na karatasi nene hubanwa katikati. Sehemu ya juu ina vidirisha vidogo, kila kidirisha ni kisanduku cha herufi moja. Kalamu yake haina wino. Ni chuma kifupi chenye ncha na mpini wa kushikia, kinafanana na kile kilichomtoa jicho Louis. Mwandishi anabonyeza, nukta inatokeza upande wa pili wa karatasi.

Hapa watoto fikirini. Kama nukta zinatokeza upande wa pili, lazima karatasi igeuzwe ndipo isomwe. Kwa hiyo mwandishi anaanza kulia kwenda kushoto, na kila herufi anaiandika kinyume. Nukta 1 anaibonyeza upande wa kulia. Akigeuza karatasi, kila kitu kinakaa mahali pake, na anasoma kushoto kwenda kulia kama sisi. Nani kati yetu anaweza kuandika jina lake kinyumenyume bila kukosea? Mtoto asiyeona wa darasa la kwanza anajifunza kufanya hivyo!

Njia ya pili ni mashine. Inayojulikana zaidi ni ile ya Perkins. Ina vibonyezo 6 vya nukta, na kimoja cha katikati cha kuacha nafasi. Mtu akitaka herufi M, anabonyeza vibonyezo vya 1, 3 na 4 kwa pamoja. Mashine hii huandika bila kugeuza karatasi, lakini ni nzito na bei yake ni kubwa. Ndiyo maana kibao kidogo bado kina kazi.

Kusoma hufanywa kwa ncha za vidole, hasa kidole cha shahada. Mikono yote miwili hufanya kazi. Mmoja unasoma, mwingine unatafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Kidole hakigandamizi. Kinateleza polepole, kama unavyopapasa unga kujua kama umesagika vizuri.

Msichana wetu aliporudi likizo alikuja na kitabu chake. Kilikuwa kinene sana, maana maandishi haya yanachukua nafasi kubwa na karatasi zake ni nene. Usiku alikuwa akiwasomea watoto hadithi. Taa ikazimika. Watoto wakasema, "Aa, hadithi imekatika!" Yeye akaendelea kusoma gizani, hata hakujua kwamba taa imezimika. Usiku ule hakuna mtoto aliyemcheka. Kila mmoja alitaka aambiwe, "Unafanyaje?"

SIMU, FIMBO NA KIGANJA

Siku hizi ziko pia simu zinazosema. Simu nyingi za kugusa zina programu ya kusoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo. Asiyeona anapitisha kidole, simu inamtajia kila alipogusa. Akiweka kisikizi sikioni anasoma ujumbe wake bila jirani kusikia. Jambo hili ni kubwa. Wako wazee wasioona wanaompa kila mtu simu yao na namba ya siri ya fedha zao ili wasomewe salio. Wengine wameibiwa na watu wa nyumbani mwao. Kijana anayejua simu amwoneshe mzee jinsi ya kuwasha sauti hiyo, kisha ageuze uso mzee anapoweka namba yake.

Je, simu zinazosema zimemaliza kazi ya nukta nundu? La. Sauti inakwambia neno, lakini haikuoneshi linavyoandikwa. Betri ikiisha sauti imekufa. Sisi tuliosikiliza redio miaka mingi tunajua kwamba kusikia si kusoma.

Mkimwona mtu ana fimbo nyeupe, jueni kwamba haoni au haoni vizuri. Fimbo ile ni macho yake njiani. Inamwambia hapa pana shimo, hapa pana ngazi. Watoto, msiichezee wala kuiruka. Wenye baiskeli na pikipiki, punguzeni mwendo. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe.

Wapo pia watu wasioona na wasiosikia. Hao huzungumza kwa kiganja. Huko Marekani alizaliwa Helen Keller mwaka 1880. Kabla hajafika miaka 2 aliugua, akapoteza kuona na kusikia. Mwaka 1887 mwalimu wake, Anne Sullivan, alianza kumwandikia maneno kiganjani kwa alama za vidole, herufi kwa herufi. Mwaka 1904 Helen alihitimu chuo kikuu. Akaandika vitabu.

Na wako wanaoona kidogo, kama ndugu zetu wengi wenye ualbino. Hao mara nyingi hawahitaji nukta. Wanahitaji maandishi makubwa, kukaa karibu na ubao, na kofia ya kuwakinga na jua.

NAMNA YA KUWAFUNDISHA WATOTO

Wazazi, kazi hii haihitaji fedha. Sisi tumefanya hivi:

1. Chukua trei kuukuu la mayai. Kata kipande chenye mashimo 6, mawili kwa matatu. Hicho ni kisanduku. Mtoto aweke punje ya hindi katika kila shimo lenye nukta. Mwenzake afumbe macho, apapase, ataje herufi.

2. Wakizijua herufi, waandike majina yao kwa kubandika punje za dengu kwenye kipande cha boksi. Uji mzito wa muhogo unafaa kuwa gundi.

3. Kisha waoneshwe nukta zenyewe. Weka karatasi ngumu juu ya kitambaa kilichokunjwa, bonyeza kwa kalamu iliyokwisha wino. Usitoboe. Igeuze, papasa. Waelezwe kwamba nukta za kweli ni ndogo, na herufi nzima hukaa chini ya ncha ya kidole kimoja.

Lakini tahadhari moja. Mtoto akifumba macho kwa mara ya kwanza ataogopa na kujikwaa. Atasema, "Maskini wasioona, wanateseka!" Hilo si funzo tunalolitaka. Mwambieni: wewe umefumba macho dakika tano tu, mwenzako amejifunza miaka mingi. Wewe ni kama sisi siku ya kwanza ya kisomo. Lengo la mchezo ni kumheshimu, si kumwonea huruma.

HODI NI FUNZO

Adabu ya kuzungumza na mtu asiyeona si ngeni kwetu. Usiku ukifika kwa mwenzako unafanyaje? Unapiga hodi. Unaulizwa, "Nani?" Unajibu, "Mimi, Fulani." Husemi, "Nibahatishe!" Basi fanya vivyo hivyo mchana kwa asiyeona. Mtoto aseme, "Shikamoo babu, mimi mtoto wa Mama Fulani." Asimtege mzee kwa kumwambia, "Babu, mimi nani?" Huo si mchezo.

Ukitaka kuondoka, mwambie. Usimwache anaongea na hewa. Ukitaka kumsaidia, muulize kwanza, usimvute mkono. Mpe kiwiko chako akishike, nawe tangulia nusu hatua. Usiseme "kile pale". Sema, "Kiti kiko kulia kwako." Ukimpa fedha, taja noti moja moja. Na ukiwa na neno lake, mwambie yeye. Usimuulize aliyemsindikiza, "Huyu anakunywa chai?" Huyu ana kinywa chake.

Hata majina tunayowaita tuyaangalie. Tumezoea kusema "yule kipofu", kana kwamba hana jina. Leo tunasema "mtu asiyeona". Na bora zaidi ni kumwita kwa jina lake, kama unavyopenda kuitwa wewe.

Watoto wametuuliza, je, upofu unaambukiza? Kumgusa mtu asiyeona hakukupofushi. Yapo magonjwa ya macho yanayoambukiza, kama trakoma. Kinga yake ni kunawa uso, kuwa safi na kwenda zahanati mapema, si kumkimbia mwenzako. Na akina mama, chanjo ya surua msiikose. Surua imeharibu macho ya watoto wengi.

TUFANYE NINI SASA?

Kama nyumbani kwako au kwa jirani yuko mtoto asiyeona, usimfiche. Nenda kwa mwalimu mkuu, au kwa mtendaji wa kijiji, ukaulize habari za afisa wa elimu maalumu wa wilaya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma kama wengine. Ukiambiwa "njoo kesho", rudi kesho. Miaka mitatu tuliyompotezea msichana wetu hatuwezi kumrudishia. Mtoto wa kwako usimpotezee.

Mnataka kujua mwisho wa ile barua? Mwalimu wa elimu maalumu alimwazima mama yule kibao kidogo. Mama akakaa na watoto wa jirani, jioni baada ya jioni, wakimsahihisha. Alikosea sana. Alisahau kuandika kinyume. Karatasi nyingi zilikwenda jikoni kuwashia moto. Mwishowe akapeleka barua ya maneno mawili tu: "Mbuzi amezaa."

Jibu likaja. Safari hii mama aliisoma mwenyewe, polepole, kwa macho, akiwa amefunga mlango. Tulimuuliza, "Mwanao anasemaje?" Akacheka, akatuambia, "Hayo ni yetu."

Hapo tulijua kwamba kazi imefanyika.

Na sasa, watoto wa kijiji hiki na wa vijiji vingine, hili ni fumbo lenu. Lisomeni, mwafundishe na wazazi wenu:

1, 3 – 1 – 1, 2, 3, 5 – 2, 4 – 1, 2 – 1, 3, 6

Atakayelisoma akamwambie neno hilo mtoto asiyeona wa kijiji chake, mlangoni mwa shule.